Chumba cha tatu: kaya ya wahamiaji na kipindupindu katika kiwanja cha wapangaji Dodoma

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia. Hakuna kaya moja iliyo hivi neno kwa neno, na mtaa hautajwi. Kimeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maofisa ustawi, watendaji wa mitaa, na vikundi vya misikiti na makanisa ambavyo mara nyingi hujikuta vimeibeba kazi hii kabla wenye kazi hawajafika.

Kiwanja chenyewe

Ni nyumba ya vyumba sita pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa mashariki, ambako ujenzi haujapoa tangu serikali ihamie na Mji wa Serikali uanze kuinuka Mtumba. Kila chumba kina mpangaji wake. Choo ni kimoja, cha shimo. Bomba hakuna. Maji hununuliwa kwa dumu la lita 20: kioskini yakiwepo, kwa mwenye mkokoteni kioski kikikauka, na fedha ikikata watoto hutumwa korongoni kufukua mchanga. Korongo la Dodoma hukaa kavu sehemu kubwa ya mwaka. Mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili, maji ya kwanza hushuka na kila kilichoachwa vichakani tangu kiangazi kianze.

Chumba cha tatu kina watu saba: baba, saidia fundi kwenye jengo linaloendelea, mama, anayeuza uji, chapati na maharage kwa vibarua wa hapo hapo, watoto wa miaka tisa, sita, mitatu na miezi minane, na mdogo wake mama, kijana wa miaka kumi na tisa. Wametoka Kasulu, mkoani Kigoma, na nyumbani wanaongea Kiha. Kiha na Kirundi zinasikilizana, kwa hiyo mtaani wanaitwa “Warundi”, na kwa kuwa mama na mdogo wake hawajapata kitambulisho cha taifa, cha NIDA, utani huo kwao si utani. Chumba cha tano wanaishi mume na mke waliotoka Burundi kweli. Vyumba vingine ni watu wa Kongwa, Singida na Mpwapwa waliofuata kazi mjini.

Saa za mwanzo

Kijana anaanza kuhara saa nne usiku. Hadi saa nane kinachotoka ni maji meupe kama yaliyooshewa mchele, tena bila maumivu makali ya tumbo, jambo linalowafanya wadhani si kitu. Anatapika. Mlipuko ulikwishatangazwa mkoani na gari la matangazo lilikwishapita. Kaya ilisikia. Inajua kipindupindu ni nini na inajua kituo cha afya kilipo.

Kwa nini basi walikaa hadi saa nne asubuhi? Sababu ni tatu, na hakuna hata moja inayotibiwa kwa kipeperushi. Fedha iliyokuwepo ilikuwa ya unga wa chapati za asubuhi; kuitoa nauli ni kukosa mauzo, na kukosa mauzo ni kukosa chakula cha jioni. Pili, mama anajua mgonjwa akiandikwa, jiko lake linafungwa. Tatu, waliogopa swali moja la mapokezi: kitambulisho kiko wapi?

Kwa hiyo walifanya wanachofanya wengi: wakaenda duka la dawa wakanunua vidonge vya metronidazo, maarufu kama flajili. Dawa hiyo haitibu kipindupindu. Hasara yake kubwa ni kwamba inainunulia kaya saa nne au tano za matumaini, na mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kufa kwa kukaukiwa maji ndani ya saa chache tu. Dawa za kufunga kuhara ni mbaya zaidi na zisitumike kabisa.

Asubuhi mtoto wa miaka mitatu akaanza. Jirani wa chumba cha pili akamwita balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa majirani.

Hapa ndipo kisa kinapogawanyika, kwa sababu mambo mawili yalitokea siku moja: balozi alifanya vizuri, na gari lililokuja mchana likaharibu nusu ya alichofanya.

Balozi mlangoni

Balozi ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Dodoma. Hakuja na daftari mkononi. Alibisha hodi, akapokea shikamoo, akasema: “Pole, mwanangu. Sijaja kuuliza mtu katoka wapi. Nimekuja tumnyweshe huyu mtoto, halafu tutafute bajaji.” Maneno hayo, kwa mpangilio huo, yanafaa kufundishwa. Kwanza pole, pili ondoa swali la asili, tatu taja kitendo kimoja kinachoanza sasa hivi. Ukianza na “jina kamili na namba ya NIDA”, utapata jina la uongo na mlango uliofungwa.

Kilichofuata ni ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini, na ilichanganywa pale pale, haikusubiri kituo. Pakiti nyingi zinazopatikana ni za lita moja. Kosa la kila siku ni kuimimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita kwa sababu ndiyo iliyopo. Mchanganyiko mzito namna hiyo una chumvi na sukari kupita kiasi na unaweza kuzidisha kuhara. Soma pakiti, ikiwa ni ya lita moja, pima kwa chupa mbili za nusu lita ndani ya jagi safi. Baada ya saa ishirini na nne kilichobaki kimwagwe. Pakiti ikikosekana kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usikadirie chumvi kwa vidole.

Mtoto alikuwa na kilo 12, macho yameingia ndani, ana kiu kali, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, lakini anakunywa. Huyo anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne, yaani mililita 900. Anyweshwe kwa kijiko, kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika kumi kisha endelea taratibu zaidi. Akina mama wengi huacha baada ya tapishi la kwanza, wakiamini dawa imekataa. Akishatengemaa, kila akihara apewe: chini ya miaka miwili mililita 50 hadi 100, kuanzia miwili hadi kumi mililita 100 hadi 200, mkubwa kadiri anavyotaka. Wa miezi minane aendelee kunyonya bila kukatizwa.

Kijana alikuwa mbaya zaidi: mlegevu, hawezi kushika kikombe. Huyo si wa ORS peke yake, ni wa dripu, na kila dakika ina thamani. Balozi alipiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, akaita na bajaji. Si bodaboda: mtu asiyeweza kujishikilia huanguka, na anayehara katikati ya watu wawili humchafua dereva. Bajaji ilitandikwa nailoni, ikawekwa ndoo, na mwenye bajaji akaahidiwa kusafishiwa chombo akirudi. Ahadi hiyo ilitimizwa. Kama isingetimizwa, mgonjwa wa pili asingepata usafiri mtaa ule.

Kituoni mapokezi waliuliza kadi ya bima. Sera inajulikana: magonjwa ya milipuko yamo kwenye msamaha wa gharama. Lakini mgeni wa mji hajui, na karani mwenye foleni ndefu hana muda wa kumweleza. Aliyewasindikiza anatakiwa aseme kwa sauti “huyu ni mgonjwa wa mlipuko” na kumwomba ofisa ustawi wa jamii wa kituo. Barua ya mtendaji ikihitajika itafuata, matibabu hayaisubiri. Ili kufuatilia ugonjwa kinachohitajika ni jina analoitikia mgonjwa, umri, kiwanja anachoishi, siku na saa alipoanza kuhara, chanzo cha maji, na simu ya mtu wa kumpata. Uraia haumo.

Gari la mchana

Saa nane mchana likaja gari, watu wamevaa magwanda meupe, mmoja na bomba la kupulizia dawa, nyuma yao mgambo wawili. Walipulizia chumba cha tatu, mlango, ukuta, hata jiko la mama. Mtaa mzima ulisimama kutazama.

Kupulizia nyumba kunaonekana kama kazi imefanyika, na ndiyo sababu kunapendwa. Lakini hakuna ushahidi mzuri kwamba kunazuia kipindupindu kwenye kaya, na wataalamu wa kimataifa wa ugonjwa huu hawakupendekezi. Wanapendelea kaya ipewe vifaa na ionyeshwe kusafisha yenyewe. Vijidudu viko kwenye kinyesi, matapishi, mikono, maji na chakula, havipo ukutani. Dawa iliyopuliziwa hukauka, na saa mbili baadaye mgonjwa mwingine huchafua sakafu ile ile.

Gharama halisi ya gari lile ilionekana usiku. Mume na mke wa chumba cha tano, walipoona mgambo, walifungasha wakaondoka gizani. Walikuwa wakitumia choo kile kile na pipa lile lile la maji. Waliondoka wakiwa ndani ya siku tano ambazo dalili zingeweza kujitokeza, na hakuna aliyejua walikoelekea. Hata kama hawakuugua, kiwanja kilipoteza watu wawili wa kufuatiliwa, na vyumba vyote vilijifunza kwamba kuita msaada huleta mgambo. Timu ya afya isiongozane na mtu yeyote mwenye sare ya ulinzi, na ofisa wa uhamiaji asiwepo hata kama ni rafiki wa daktari.

Alasiri hiyo hiyo msimamizi wa jengo akamwambia baba asirudi kazini hadi wiki ipite. Kitaalamu hakukuwa na sababu: aliyekaa na mgonjwa huangaliwa dalili kwa siku tano na hunawa mikono, hafungiwi ndani. Simu moja ya ofisa afya wa kata kwa msimamizi ingetosha, ila hakuna aliyeipiga. Mama yeye alisimamishwa kupika kwa ajili ya watu, na hilo lilikuwa sahihi.

Bei ya maagizo

Hebu tuyapange maagizo waliyopewa siku hiyo: chemsha maji, nawa kwa sabuni, usichote korongoni, usiuze chakula, kaa karibu na mgonjwa kituoni. Yote ni ya kweli. Yote yana bei, na inalipwa na mtu ambaye fedha yake huingia jioni na kutoka asubuhi. Kuchemsha ni mkaa. Kuacha korongo ni dumu la kununua. Kukaa kituoni ni siku ya kibarua na nauli ya kupeleka chakula. Msimamo wetu ni kwamba anayetoa agizo aje na bei yake siku hiyo hiyo. Agizo lisilo na fedha yake halitafuatwa, na kaya itasingiziwa ukaidi au ushamba.

Tukokotoe kwa mfano, si kwa takwimu. Tuseme baba huingiza shilingi 12,000 kwa siku anayopata kazi na mama hubakiwa na faida ya 6,000. Wakikaa siku tano wote wawili wamepoteza 90,000. Msaada wa kilo kumi za unga hauzibi pengo hilo, kwa sababu ndani yake kuna kodi ya chumba, mkaa na maji. Na kuna pengo la pili ambalo halionekani: mtaji wa mama. Unga, mafuta na maharage ya biashara vitaliwa nyumbani katika siku hizo tano. Akiruhusiwa kurudi jikoni hana cha kuanzia, anakopa kwa riba, anabana maji ya kuoshea vyombo na sabuni ili arudishe deni. Ndivyo jiko linavyorudi kuwa hatari. Kwa hiyo fungu la mtaji, lenye thamani ya bidhaa za siku moja, litengwe tangu mwanzo na litolewe siku anaporuhusiwa, si kabla.

Kwa chakula cha siku tano, watu saba ambao wanne ni watoto: unga kilo 12 hadi 13, maharage kilo mbili na kidogo, mafuta lita moja, chumvi na sukari. Ongeza mkaa. Wanaosahau mkaa hukuta unga umeuzwa nusu ili upatikane, kisha wanalalamika kwamba msaada unauzwa.

Fedha ifike vipi? Wengi hukimbilia simu. Laini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo asiye na NIDA mara nyingi anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine: mwenye nyumba, msimamizi, jirani. Fedha ikitumwa huko, mwenye laini hukata chake au huigeuza kuwa deni la kodi. Katika kiwanja hiki ilikuwa salama zaidi kutoa mkononi, mbele ya balozi na shahidi mmoja atakayechaguliwa na kaya yenyewe, kwa mafungu mawili, siku ya kwanza na ya tatu. Njia nyingine nzuri ni kulipia dukani: mwenye duka la jirani anapewa orodha na fedha, kaya inachukua kidogo kidogo. Usitegemee mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini kuokoa jahazi hapa. Walengwa wake walikwishatambuliwa mtaani kabla. Aliyehamia juzi hayumo kwenye orodha hiyo.

Maji na klorini

Kiwango cha chini kinachokubalika wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu saba ni lita 105, madumu matano na kitu. Si yote yanayotibiwa: ndoo mbili za lita 20 zinatosha kwa kunywa, kupikia na kusuuza vyombo vya kulia. Kwa kidonge cha klorini cha miligramu 67, maji maangavu ya lita 20 huchukua kimoja, ya tope mawili, kisha subiri dakika thelathini. Maji ya korongo yachujwe kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, yatuame, yamiminwe juu juu, ndipo yatiwe dawa. Kutia kidonge kwenye maji ya rangi ya chai ni kukipoteza. Tope hula klorini kabla haijafika kwa kijidudu. Kwa siku kumi na nne, hesabu vidonge 30 ikiwa ni maji ya kioski, 60 ikiwa ni ya korongo.

Tatizo la harufu ni la kweli, na watu humwaga maji kwa sababu yake. Tia maji dawa usiku, yafunike, yanywe asubuhi. Ndoo iwe ya kifuniko na koki. Kata inayochovywa na mikono saba hurudisha uchafu ndani ya maji yaliyotibiwa vizuri.

Kwa usafi, unga wa klorini wa asilimia 70 hupimwa hivi, kijiko cha chakula kilichosawazishwa kikiwa takriban gramu 15. Kunawia mikono, asilimia 0.05: kijiko kimoja kwa ndoo ya lita 20. Sakafu, kitanda, tundu la choo na mpini wa mlango, asilimia 0.2: vijiko vinne kwa ndoo hiyo. Kinyesi na matapishi, asilimia 2: vijiko viwili kwa lita moja tu. Huu wa mwisho huunguza ngozi, unataka glovu, na kidogo chake kiwekwe chini ya ndoo ya mgonjwa kabla hajaitumia. Ndoo tatu zitofautishwe kwa alama ya rangi, zichanganywe upya kila siku, zisiwe za chuma, na zisichanganywe na sabuni. Usimwage klorini shimoni kwa matumaini ya kuua kila kitu. Shimo lililojaa kinyesi huimeza bila faida.

Sabuni: gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi. Kwa kaya hii ni kama kilo 1.6 kwa nusu mwezi.

Siku ya nne

Kijana alipona, akatoka siku ya tatu. Mtoto alitengemaa, akaanza zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku kumi hadi kumi na nne. Hapo karibu kila kaya huacha dawa, kwa sababu kuhara kumekoma. Mhudumu arudi siku ya tano kuhesabu vidonge vilivyobaki.

Siku ya nne akaugua mama wa chumba cha nne.

Vifaa vyote, ndoo, sabuni, vidonge, vilikuwa vimepelekwa chumba cha tatu peke yake, kwa kuwa fomu ilisema “kaya ya mgonjwa”. Lakini watu wa vyumba sita walikuwa wakishika mlango mmoja wa choo na kuchota pipa moja. Zaidi ya hapo, chumba cha tatu kilipopata unga na fedha, majirani walinuna: Warundi wanaharisha, Warundi wanapewa. Watoto wa chumba cha tatu wakakatazwa kutumia choo, wakaanza kwenda nyuma ya ukuta, upande ambao mvua inateremkia korongoni. Msaada uliotolewa kwa chumba kimoja ukaongeza kinyesi nje.

Kipimo cha kufuata ni choo: wote wanaoshiriki tundu moja ni kaya moja kwa kazi hii. Vifaa vya maji na usafi viende vyumba vyote sita saa ishirini na nne za kwanza, bila kujali nani mgonjwa, kisha kwa majirani wa mita 50 hadi 100 kadiri akiba inavyoruhusu. Fedha na chakula ndivyo vibaki vya aliyezuiwa kazi, na balozi aliseme hilo hadharani, kwa sababu lile linalonong’onwa ndilo linalozaa chuki. Maelezo kwa mama wa Kasulu yatolewe kwa Kiha na mtu mzima, mwanamke ikiwezekana. Mtoto wa miaka tisa asifanywe mkalimani wa kinyesi cha mjomba wake.

Mwenye nyumba

Anaishi mjini kati, huja kuchukua kodi. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inataka nyumba za watu kuishi ziwe na choo, lakini mtendaji akianza kwa faini, jibu hujulikana: wapangaji wote watafukuzwa, na wa kwanza atakuwa wa chumba cha tatu. Kinachofaa kujaribiwa kwanza ni makubaliano ya kujenga choo kipya, yaliyoandikwa mbele ya mtendaji wa mtaa: mwenye nyumba anunue saruji, tofali na bamba la sakafu ya choo, wapangaji watoe nguvu kazi, na kodi isipande kwa muda uliokubaliwa. Baba wa chumba cha tatu ni saidia fundi, tena yuko nyumbani bila kazi wiki hiyo. Akilipwa ujira wa kujenga, fedha ya fidia inapata sura ya kazi na minong’ono ya majirani inapungua.

Choo kipya kiinuliwe angalau nusu mita juu ya uwanja ili maji ya mvua yasiingie, mdomo wa shimo ujengewe tofali, udongo ushindiliwe kuzunguka, na kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote. Shimo la zamani lisichotwe wakati wa mlipuko. Lifukiwe likiwa limebakiza nusu mita kujaa, na kama limekwishapita hapo, lizungushiwe tuta la udongo na lifungwe leo, vyumba vyote sita vitumie choo cha jirani kwa makubaliano ya kukisafisha kwa zamu hadi kipya kikamilike.